Mashahidi wa Chemchemi

Leo msitarajie nicheke nanyi. Nimepanda mimbarini hapa na hasira, na msiponisikia nitashuka nayo.

Kulikuwa na mama mmoja, mjane, aliyeachiwa na mumewe shamba lenye chemchemi. Maji yake hayakukauka hata kiangazi. Ng'ombe wake walikunywa hapo, na majirani walichota bure. Siku moja akaja bwana wa kampuni ya maji ya chupa, mtu wa maneno matamu, akataka kuikodi. Akaacha mkataba mrefu wa Kiingereza, akasema atarudi Jumamosi kwa ajili ya sahihi.

Yule mama hakuwa mjinga. Aliwaambia wazee wa kanisa lake, "Nataka kwanza niupeleke mjini kwa wakili anisomee."

Mnajua walimjibu nini? "Wakili wa nini, mama? Kwani una kesi? Mgeni atajua humwamini, utatutia aibu. Wewe pika tu. Sisi tutakuja kuwa mashahidi, na mkataba tutauombea."

Akachinja jogoo. Jumamosi wazee wakala, wakashiba, wakaweka mikono juu ya zile karatasi na kuomba kwa sauti mpaka mbwa wakabweka. Tena wamefumba macho! Karatasi inataka kusomwa, wao wamefumba macho! Mama akatia dole gumba, wazee wakatia sahihi chini yake, na aliyeitikia "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa yule bwana wa kampuni.

Mwezi haukuisha, chemchemi ikazungushiwa uzio. Mama akaja asubuhi na ndoo yake, mlinzi akamzuia getini.

"Samahani mama, huruhusiwi kuingia."

"Mwanangu, haya ni maji yangu. Nimewakodisha, sikuwapa."

"Mimi nimeambiwa mkataba unasema kampuni peke yake ndiyo itakayochota. Miaka thelathini, mama."

Ng'ombe wakaanza kukonda. Ndipo akaenda kwa wakili, dada mmoja kijana, akausoma mkataba wote kimya.

"Mama, ungeniletea huu kabla ya kutia dole, ningedai mstari mmoja tu uongezwe: kwamba wewe na majirani zako mtaendelea kuchota. Wangekataa, ungewaonyesha mlango. Sasa ni kazi ngumu."

"Tutaiweza, mwanangu. Mimi mashahidi ninao. Wazee wa kanisa walikuwepo wote."

Wakili akamtazama kwa huruma. "Mama, hao si mashahidi wako. Kampuni ndiyo itakayowaita. Wataulizwa mahakamani: alitia dole mwenyewe? Kuna aliyemlazimisha? Nao, kwa kuwa ni watu wa Mungu, watasema kweli."

Ndugu zangu, wazee wale ni nani? Ni sisi! Sisi tunaomwambia mjane kwamba kuuliza ni kukosa imani. Jino likituuma, tunakimbilia kwa daktari wa meno na hakuna anayesema tumemkana Mungu. Lakini mtu akitaka asomewe karatasi inayobeba ardhi ya watoto wake, tunamwita mpenda kesi. Huo si upole, ni uzembe, na wanaoulipia ni wengine.

Unakodisha shamba? Binti yako anapelekwa kazi ng'ambo? Shemeji anataka umdhamini kwa hati ya kiwanja chako? Mkataba huuelewi, au unaharakishwa, au ukikosea huna pa kulala? Nenda kwa wakili. Huna uwezo, tuambie, tutachanga, kama tunavyochangia harusi. Na uende mapema. Siku ya kumwona wakili ni ile ambayo bado unaweza kusema hapana.

Yule mama sasa anateka maji bondeni, na kila siku anapita mbele ya uzio. Kwa hiyo mkiniita nyumbani kuombea mkataba, nitauliza kwanza: nani ameusoma? Kama hakuna, mwacheni jogoo aishi. Mimi sili.