Uwanja Usiokanyagwa

Ndugu zangu, kaeni, kaeni. Neno la leo nimelibeba wiki nzima na limenichosha. Nitawaeleza habari ya mtu mmoja, kisha mtajipima wenyewe.

Kulikuwa na mji mmoja huko juu kwenye baridi, wenye kiwanja cha vumbi. Kila jioni wasichana wa mji ule walicheza mpira pale, pekupeku, na watu walifunga maduka mapema waende kuwatazama. Sifa zao zikafika mbali. Nchi ilipopewa kuandaa mashindano ya wasichana ya mataifa, wakubwa wakasema, mechi nyingine zipelekwe kule, kule ndiko mpira uliko.

Basi ukajengwa uwanja palepale penye vumbi. Majukwaa, taa, nyasi nzuri za kupandwa. Kazi ya kutunza nyasi akapewa baba mmoja mpole, Baba Tusekile. Huyo Tusekile, binti yake, ndiye aliyekuwa nahodha wa wale wasichana. Mashindano yakaja, yakafana, wageni wakaenda zao. Wakubwa wa mji wakamwita yule baba wakamwambia, "Funga geti. Wageni wakirudi, waukute kama walivyouacha."

Naye akafunga.

Jioni moja Tusekile na wenzake wakaja getini, mpira kwapani.

"Shikamoo, Baba. Tunaomba uwanja."

"Marahaba, mwanangu. Nyasi zinapumzika."

"Zinapumzika tangu wageni waondoke. Tupe hata pale nyuma ya goli."

"Nikiwapa ninyi, kesho watakuja wengine. Zitachakaa."

"Na sisi je, Baba? Sisi hatuchakai?"

Hakusema kwa ukorofi. Alisema taratibu, kama mtu anayeuliza njia. Baba yake akageuka, akashika mpira wa maji, akaendelea kumwagilia.

Niambieni, yule baba alikuwa mtu mbaya? Hapana. Alikuwa amechoka. Aliamka kabla ya jua, akakata, akamwagilia, akang'oa magugu kwa mkono mpaka mgongo ukapinda. Mtu akikihangaikia kitu namna hiyo, ipo siku anasahau kiliwekwa kwa ajili ya nini.

Wasichana wakajaribu kuchezea barabarani, magari yakawafukuza. Wakahamia kwenye kiwanja cha mnada wa ng'ombe, lakini kila mnada ukifika wanapisha. Wakapungua. Mmoja akaolewa, mwingine akaenda kuchuma chai, Tusekile akajifunza kushona. Hakuna aliyeivunja ile timu. Waliacha tu kukutana.

Miaka ikapita. Siku moja habari zikaja kwamba mashindano yanarudi nchini, na wakaguzi wanapita kuchagua viwanja. Wakubwa wakavaa suti. Mama mmoja mgeni, mkuu wa wakaguzi, akaingia uwanjani, akainama, akapitisha kiganja juu ya nyasi.

"Nani anatunza hapa?"

Baba Tusekile akasukumwa mbele. Yule mama akampa mkono, akamwambia hajaona nyasi kama zile popote. Machozi yakamlenga yule baba. Nani alikuwa amewahi kumshukuru?

Kisha mama yule akasema, "Kesho asubuhi nataka kuwaona wale wasichana wenu wakicheza. Wale ndio waliotufanya tuje mara ya kwanza."

Wakubwa wakatazama viatu vyao.

Jioni ile Baba Tusekile akaenda dukani kwa binti yake. Akamkuta ameinama kwenye cherehani, anapinda sare ya shule.

"Mwanangu, wakusanye wenzako. Kesho nafungua geti."

Tusekile akasimamisha cherehani. "Wenzangu gani, Baba?"

Baba akavua kofia. Alisimama tu pale mlangoni, kofia mkononi. Binti akamwonea huruma. "Sawa," akasema. "Nitawatafuta."

Asubuhi wakaja wanawake watano. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Walipofika ukingoni mwa nyasi wakavua viatu, wakasimama. Wakaogopa kukanyaga.

"Ingieni," Baba Tusekile akasema. "Ingieni, wanangu. Ni penu."

Wakaingia. Wakapigiana mpira kidogo. Ukamjia Tusekile, mpira mwepesi kabisa, ukampita chini ya mguu. Akacheka, akaukimbilia, halafu akasimama katikati ya uwanja ameshika magoti, anahema. Baba yake akaketi chini palepale alipokuwa, akafunika uso.

Yule mama mgeni alitazama mpaka mwisho. Kisha akawaambia wakubwa kwa upole, "Uwanja wenu ni mzuri kuliko viwanja vyote nilivyoviona. Lakini mashindano tutayapeleka mahali ambapo watu wanacheza."

Akapanda gari.

Ndugu zangu, sisi tunajenga. Tumejenga kanisa hili kwa jasho, silikatai. Tumeweka madirisha ya vioo, tumetandika zulia, tumenunua viti vyenye mito. Halafu tumefanya nini? Tumeweka kufuli. Vijana wa kwaya waliomba kufanyia mazoezi humu ndani, tukawaambia mtachafua. Watoto wa shule ya Jumapili tumewatoa wakasomee nje, wanagusa kuta. Akina mama wa maombi ya mchana tumewaambia wasubiri mwenye funguo, na mwenye funguo yuko shambani. Kila mmoja tulimpa sababu nzuri. Hatukumfukuza mtu. Wameacha tu kuja.

Tunamtunzia nani? Tunasema tunamtunzia Bwana. Je, Bwana akija asubuhi moja, akapitisha kiganja chake juu ya viti hivi, akatusifu, kisha akauliza, "Wako wapi watu wangu?", tutatazama viatu vyetu?

Mpiga kinanda, acha kidogo. Nyamazeni wote, sikilizeni.

Mnasikia? Ni wao, vijana wetu wa kwaya. Wanaimba kule kwenye gereji, ng'ambo ya barabara, kati ya magari mabovu. Mzee wa kanisa, fungua milango yote miwili. Na wewe mama uliye karibu na mlango, nenda kawaambie tunawangoja. Hatuanzi wimbo wa mwisho mpaka waje. Na wakisema hawaji, hawatakuwa wamekosea. Basi tutachukua vitabu vyetu, tutavuka barabara, tuwaombe watupe nafasi tuimbe nao.