Mabaka na Upinde Wenye Kifundo

Hadithi ije?

Ije, tumekaa!

Ije na machozi?

Ije nayo, tutafuta!

Haya. Mmeyataka wenyewe, asije mtu akaniambia nimemliza.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa bado wakisalimiana njiani, aliishi mchonga pinde mmoja jina lake Luhende. Mke hakuwa naye, mtoto hakuwa naye. Alikuwa na mbuzi watatu na mbwa wake Mabaka, mzee mwenye mguu mmoja mbovu. Walikula chungu kimoja.

Kila Luhende alipochonga upinde, Mabaka alikwenda kukaa kwenye kichuguu mbele ya nyumba. Luhende anauvuta upinde kidogo tu, Mabaka anatazama. Maana anayevuta haioni vizuri mikono yote miwili ya upinde, wa juu na wa chini. Anayeiona ni aliye mbali. Mabaka husema, "Wa juu mvivu," Luhende hukwangua wa juu. Husema, "Sasa sawa," Luhende huweka kisu chini. Miaka yote walifanya hivyo.

Mwaka huo akaingia chui. Alasiri moja akabeba mbuzi. Alasiri nyingine akabeba mbuzi. Akabaki mmoja, tena ana mimba, na upinde wa zamani wa Luhende ulikuwa umeliwa na mchwa. Basi mbio mbio Luhende akaenda porini, akakata mkole wa kwanza aliouona, akaukausha motoni. Mti wenyewe haukuwa sawa. Upande mmoja mnene, umenyooka. Upande wa pili mwembamba, na katikati yake kifundo kama goti.

Siku ya kwanza akavuta, Mabaka akatazama. Akasema, "Bwana, wa juu haupindi kabisa. Wa chini unafanya kazi ya miwili. Punguza wa juu, na hicho kifundo kiache na unene wake."

Mara akapita Sungura. Mnamjua huyo, sina haja ya kumsifu. Alikuwa na lake moyoni, kwa sababu Mabaka, pamoja na ubovu wa mguu, alikuwa bado akimkimbiza kwenye shamba la kunde. Akatoa shikamoo ndefu, akausifu ule mkono wa juu kwamba huo ndio upinde wa mwanamume, ukipunguzwa utafaa kupigia ndege tu. Ila hicho kifundo, akasema, watu watamcheka. Luhende akaona aibu. Akakwangua kifundo kidogo.

Siku ya pili Mabaka akasema yale yale. Sungura naye akapita, akasema yale yale, akaongeza kicheko. Luhende akakwangua tena.

Siku ya tatu Mabaka akashuka kichuguuni, akachechemea mpaka miguuni pa bwana wake. "Luhende, huu utakukatikia mkononi."

Luhende akakasirika, akamwambia neno ambalo hakuwahi kumwambia. "Tangu lini mbwa akachonga upinde? Nyamaza, mzee wewe."

Mabaka akanyamaza. Luhende akakwangua hata kifundo kikapotea, upinde ukang'aa. Ulipendeza, siwezi kuwadanganya.

Alasiri ile ile chui akaja. Luhende akaweka mshale, akavuta mpaka sikioni. Mkono wa juu haukupinda. Wa chini ukakatika pale pale palipokuwa na kifundo, mshale ukaanguka chini. Chui akamwacha mbuzi, akamgeukia yeye.

Mabaka hakubweka. Si alikuwa ameambiwa anyamaze? Aliruka na miguu yake mitatu mizima, akamng'ang'ania chui shingoni, wakabiringika mpaka vichakani. Chui akatoka mbio, anavuja damu. Mabaka hakutoka.

Luhende akamfuata, akakipakata kichwa chake. "Sema," akamwambia. "Nisamehe, sema neno lolote." Mabaka akamlamba mkono, ule ule ulioshika kisu, akakata roho.

Na Sungura? Chui yule, kwa majeraha, mbuzi hakuwaweza tena. Akashuka kwenye kunde, na kwa kuwa hapakuwa na mbwa wa kubweka, akala watoto watatu wa Sungura, wote.

Luhende alipomaliza kuzika, akakata mkole mwingine. Nao haukuwa sawa. Akapunguza mkono mnene, kifundo akakiacha. Akauvuta kidogo, akainua macho kwenye kichuguu. "Sasa sawa?" akauliza.

Akangoja. Jua lilizama angali ameushika, hajui akwangue wapi.

Basi ninyi mlionisikiliza, mti usio sawa hupunguzwa upande wenye nguvu, ule dhaifu hauguswi. Na anayekuambia kosa lako kwa kuwa anakupenda, usimnyamazishe. Siku utakapolitaka neno lake, hutalipata.

Machozi?

Tumefuta!

Basi hadithi na irudi ilikotoka, nasi twende tukawape mbwa wetu chakula.