Bibi Nguchiro na Mtani Wake wa Njiani

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa bado wakifagia nyua zao na kununiana na wakwe zao kama tufanyavyo sisi, palikuwa na mji wa ufukweni ukiitwa Kichangani. Mjini hapo aliishi Bibi Nguchiro. Mwili mdogo, mkia mrefu, na ulimi usiolala. Majirani walisema ukimpa yule bibi maji ya kunywa, ushike mtungi kwa mikono miwili.

Binti yake, Mwanaidi, alikuwa ameolewa mbali huko bara, katika Mji Mkuu anakokaa Simba. Asubuhi moja Mbayuwayu akatua juu ya paa la makuti.

"Bibi! Bibi wee! Mwanaidi kajifungua! Mtoto wa kiume, na kilio chake kinasikika mtaa wa tatu!"

Bibi akapiga kigelegele, lililililiii! Kisha ghafla akakaa kitako.

Alikuwa na sababu. Kwa akina Nguchiro, mtoto hutolewa nje siku ya arobaini. Bibi mzaa mama humngoja mlangoni, humpaka mafuta ya nazi kutoka utosini hadi kwenye nyayo, kisha humwita jina. Anayempaka ndiye anayempa jina. Bibi asipofanya hivyo kabla jua halijagusa kizingiti, basi upande wa baba hutoa jina lao. Na mafuta yenyewe si ya dukani. Hutoka kwenye mnazi uliopandwa siku mama yake mtoto alipozaliwa.

Mnazi wa Mwanaidi ulipandwa na Mzee Makame, mumewe Bibi. Mzee Makame alifariki, na mnazi huo nao ukaangushwa na upepo. Mafuta yaliyobaki yalijaa kibuyu kimoja tu. Bibi alimpenda sana mumewe, na sasa alitaka kitu kimoja duniani: mjukuu wake aitwe Makame.

"Na nisipofika," akajisemea, "wale wakwe watampa jina la mjomba wao yule anayekoroma. Hapana!"

Akajifunga kibwebwe, akatia kibuyu kikapuni, akakifunika kwa leso, akaianza njia ya bara.

Safari ilikuwa nzuri, tusiseme uongo. Mwanzoni kila alipogeuka alisikia harufu ya bahari. Minazi ikaisha, ikaja mikonge iliyopangwa mistari. Mikonge nayo ikaisha, ikaja miiba iliyojipanga ilivyotaka. Hewa ikakauka, maji ya visima yakawa na ladha ya jiwe. Kila alikolala alikaribishwa vizuri, na kila alikokaribishwa wali ulipungua na ugali ukaongezeka.

"Haya, bahari imeshatusahau," akacheka Bibi, akaendelea kutembea.

Alipokaribia vilima vya katikati ya nchi, akamkuta Ngiri amekaa kando ya njia na kikapu kitupu, anajifuta machozi.

"Pole baba. Umefiwa?"

"Heri ningefiwa na kikapu chenyewe," akasema Ngiri. "Hapo mbele, kwenye kilango baina ya vilima, Kifaru amelaza gogo njiani. Kila apitaye humpekua, na akipendacho hukichukua. Mimi kanichukulia asali yote."

Bibi akakishika kikapu chake. "Na mafuta ya nazi, anayapenda?"

"Mafuta! Bibi yangu, baridi kavu ya huku imempasua ngozi, masikio yamekuwa kama gome. Akiyaona mafuta atakibusu kibuyu."

"Hakuna njia nyingine? Naiwahi arobaini ya mjukuu wangu."

"Ipo, ya kuzunguka vilima. Lakini arobaini yake itakupita ungali huko."

Bibi akakaza kibwebwe chake. Kisha akauliza, "Huyo Kifaru anajivunia nini?"

"Ukoo wake. Mtaje babu yake tu, kifua kinamjaa. Lakini ana hasira za karibu, nakwambia. Kidogo tu, puu!"

"Hasira za karibu," akasema Bibi, na masharubu yake yakacheza. "Basi inuka ufuate nyuma yangu. Leo utacheka."

Nyumba ya Kifaru ilikuwa papo hapo kwenye kilango. Kifaru amekaa mlangoni juu ya kigoda, mkewe yuko jikoni anakoroga mlenda, na gogo limelala njiani. Kifaru, kama mjuavyo, haoni mbali. Alisikia vishindo vidogo tu, tip tip tip.

"Nani huyo? Simama! Weka mzigo chini!"

Bibi hakusimama. Alilipita gogo, akaingia uani bila kupiga hodi, akamsukuma Kifaru kwa kiwiko.

"Sogea huko, mtoto wa mtoro! Hiki kigoda nimekichukua."

Kifaru akashangaa mpaka akasimama. Bibi akakikalia kigoda.

"We... we... unajua mimi nani?"

"Nisikujue nina nini? Wewe si mjukuu wa yule Kifaru mkubwa aliyekimbia vita? Mimi mtani wako!"

Hapo nieleze kidogo. Utani, watoto, ni undugu wa mzaha. Makabila yaliyopigana zamani yakapatana hugeuka watani. Mtani hukutukana ukacheka. Huchukua kitu chako ukamwachia. Ila pana sharti moja: anayekasirika ndiye aliyeshindwa, na aibu huwaangukia mababu zake wote.

"Vita gani?" Kifaru akanguruma.

"Vita vya vifaru na nguchiro! Nani asiyevijua? Tuliwapiga kutoka Kichangani mpaka hapa, mavumbi kila mahali. Babu yako akasema, 'Jamani basi, tuwe watani.' Hakukusimulia?"

Jikoni mwiko ukaanguka, kwaa! Mkewe Kifaru alikuwa amejishika mbavu. "Mume wangu, kumbe mlipigwa na nguchiro!"

Kifaru akavuta pumzi, fuuu. Mguu wake wa mbele ukaanza kukwangua ardhi. Bibi alijua kwato moja tu ingemmaliza yeye, kibuyu, na jina la Makame. Lakini hakushuka kwenye kigoda.

"Ngiri, njoo ushuhudie!" akaita. "Mtani anakasirika! Ukoo mkubwa kama huu, na hawajui utani!"

Kifaru akasita. Kusema hazijui habari za babu yake aliona aibu. Kukasirika mbele ya Ngiri aliona aibu zaidi. Akameza mate.

"Nani kakasirika?" akasema. "Najikuna tu. Na... na vita navijua sana."

Bibi akala mlenda wake, ukamteleza kooni, akausifu. Akamrudishia Ngiri chombo chake cha asali. Kisha akatazama huku na huku.

"Mtani, nimeona kitu kingine cha kuchukua."

"Kitu gani tena?"

"Wewe. Nimekuchukua mpaka Mji Mkuu. Miguu inaniuma."

Mkewe akacheka tena, na Kifaru, kwa kuogopa kuonekana amekasirika, akainama. Bibi akapanda mgongoni na kikapu chake.

Tii! Tii! Tii! Njia iliyombakia Bibi ikawa fupi. Huko juu alipiga soga bila kupumzika. Akamweleza Kifaru habari za mjukuu, za arobaini, za mafuta, za marehemu Makame aliyeupanda mnazi akiimba vibaya. Kifaru alisikiliza. Mara mojamoja alisema, "Ehe," na mara moja alisema, "Masikini."

Walipofika mtaa wa kwanza wa Mji Mkuu, Bibi akaruka chini.

"Ahsante mtani, safari njema!" akasema haraka haraka, akapotelea vichochoroni. Hakumwambia karibu. Hakumwonyesha hata nyumba ilipo. Aliogopa Kifaru asije akakumbuka mafuta.

Kwa Mwanaidi furaha ilikuwa kubwa. Bibi alimbeba mjukuu ndani akamnusa, na kibuyu akakitundika ukutani. Siku zikapita, arobaini ikafika. Asubuhi wakwe walijaa uani, wakiwa na jina lao la mjomba tayari mdomoni. Bibi akasimama mlangoni na kibuyu. Jua lilikuwa bado hatua chache kufika kizingitini. Mwanaidi akatoka na mtoto.

Tii! Tii! Tii!

Wageni wakatawanyika. Kichwa kikubwa kikapita katikati yao na kusimama mbele ya Mwanaidi. Pua pana ikapenya chini ya mtoto na nguo zake, taratibu kabisa, ikamwinua, akalala juu yake nyuma ya pembe. Mtoto akaishika pembe, akatabasamu.

"Mtani," akasema Kifaru, "hiki nimekichukua. Nikombolewe."

"Wewe! Nipe mjukuu wangu!" Bibi akapiga kelele. "Mwizi mkubwa! Usiyejua..."

"Anakasirika," akasema Kifaru polepole, akiwageukia wakwe. "Ukoo mkubwa kama huu, na hawajui utani."

Bibi akafunga mdomo. Jua likasogea.

"Nilikwenda kumwuliza mama yangu," Kifaru akaendelea kwa sauti ya chini. "Akasema babu hakuwahi kuiona bahari, wala nguchiro. Nikataka kuja kukukanyaga. Mke wangu akanizuia. Akasema tangu tuoane hajawahi kucheka vile, na utani huo nisiuachie. Tena gogo kaligeuza kuni. Nyumba hii nimeifuata kwa harufu ya mafuta yako. Lakini Bibi, nimekubeba njia ile yote, na hukuniambia hata karibu."

Bibi akaona uso unamwaka. Alikuwa amejiandaa kwa nguvu za Kifaru, kwa hasira zake, kwa tamaa yake. Hakujiandaa kwa neno hilo.

"Kweli, mtani," akasema. "Nilifanya vibaya. Karibu."

"Nimeshakaribia. Nikombolewe."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa hayo mafuta. Masikio yangu yanauma."

Bibi akakitazama kibuyu. Akatazama jua, limebakiza upana wa kidole. Mnazi haukuwepo tena, na aliyeupanda hakuwepo.

"Mtoto kwanza," akasema. "Kitakachobaki ni chako chote. Naapa kwa jina nitakalomwita."

Kifaru akakubali, akainamisha kichwa. Bibi akampaka mjukuu pale pale juu ya pua ya Kifaru, utosini, mgongoni, kwenye nyayo, kisha akamwinamia sikioni.

"Makame," akasema. Jua likagusa kizingiti. Mwanaidi akalia, na wakwe wakameza jina lao.

Bibi akakigeuza kibuyu. Yalitoka mafuta ya kupaka sikio moja tu la Kifaru. Alilipaka vizuri, mbele na nyuma, mpaka likang'aa. Kifaru akafumba macho.

"Na la pili?" akauliza.

"La pili nitakuja kulipaka nyumbani kwako, mtani, kwa mafuta ya mnazi mwingine. Kila mwaka nikipita."

Na alipita kweli, kila mwaka, tangu Kichangani hadi Mji Mkuu, na kila alipofika kilangoni alilala kwa Kifaru, akala mlenda, akatukanwa vizuri. Hadithi yangu inakomea kwenye sikio hilo, na iliyobaki ni hii: ukijipa undugu na mtu siku ya kuchukua, uwe ndugu yake na siku ya kutoa.