Jiwe Lililopakwa Ugali

Sogeeni, lakini leo msitarajie kucheka. Nina watu watatu na mtoto mmoja, na kuwaamua kumenishinda.

Yamungu alijua mawimbi kwa mgongo: akilala chini mtumbwini, anakwambia yanatoka wapi. Mama mkwe wake, Nyamwiza, alisikia harufu ya dagaa walioanikwa kabla wengine hawajaona ufukwe. Shemeji yake, Sadoki, alipima kina kwa kamba na jiwe lililopakwa ugali wa muhogo, akasoma kilichonata kutoka chini.

Walikuwa wakimpeleka Leokadia, mke wa Yamungu aliyeshikwa na uchungu wa uzazi, kwa mtumbwi wa injini, hospitalini ng'ambo ya ghuba pana ya Ziwa Tanganyika. Ulikuwa msimu wa kuchoma mashamba, na moshi ulifunika maji yote.

"Tufuate ufukwe," alisema Nyamwiza.

"Tutachelewa, mama. Simu ina ramani," alijibu Yamungu, akakata katikati.

Huko katikati wimbi liliingia, simu ikalowa, ikazima. Milima haionekani, jua halionekani, wakawa wanazunguka tu. Leokadia akajifungulia humo humo, mtoto wa kike, na damu ikakataa kukatika. Mwenyewe alijua.

"Atakayemfikisha mwanangu nchi kavu ndiye ampe jina," alisema.

Na kijijini kwao, mama akifa, mtoto hulelewa na aliyempa jina.

Yamungu akalala kwenye damu ya mkewe. "Wimbi la kusini libaki kuume," akamwambia Sadoki aliyeshika usukani. Wakaacha kuzunguka.

Petroli ilikaribia kwisha na hakuna aliyeona kitu. Nyamwiza, mkono kifuani mwa binti yake, akainua uso. "Dagaa. Kushoto." Sadoki alisikia harufu ya moshi tu, lakini akageuza.

Mara maji yakasikika yakipiga miamba. Sadoki akampa Yamungu usukani, akatupa jiwe. Likarudi na ugali mtupu: mwamba. Akatupa tena na tena, mpaka likaja na mchanga. Wakapita hapo.

Leokadia alifika amekwisha kufa.

Ufukweni wote watatu walishika khanga moja, mtoto akiwa ndani.

"Mimi ni baba yake," alisema Yamungu.

"Na ndiwe uliyetupoteza," alisema Sadoki. "Bila jiwe langu tungevunjika."

Nyamwiza hakupaza sauti. "Bila mimi mngekuwa bado majini. Binti yangu mmeshamchukua. Huyu niachieni."

Hakuna aliyeachia. Mtoto analia, hana jina, na wa kumnyonyesha amelala mchangani. Wewe uliyenisikiliza, ungemweka mikononi mwa nani?