Fahali Aliyepewa Usardari

Khanderao alikuwa Sardar, cheo kikubwa katika nchi ya Wamaratha huko India, na aliyemwita bila kukitaja alichapwa. Siku moja alifika na askari kwa Sakhubai, mkamuaji mafuta, akamtaka fahali wake wa pekee, yule aliyezungusha kinu.

"Mchukue, Sardar," Sakhubai akasema. "Ila watu watacheka. Hata tembo wako ana cheo, halafu huyu aingie ngomeni akiitwa ng'ombe tu?"

Khanderao akaona aibu hiyo haivumiliki. Baragumu likapigwa, na mpiga mbiu akatangaza mbele ya kijiji kizima: "Kuanzia leo, fahali huyu ni Sardar!"

Askari wakamwendea na kamba.

"Haya makubwa!" Sakhubai akapaza sauti. "Tangu lini Sardar akafungwa kamba bila barua ya mfalme?"

Askari wakasimama, wakamtazama bwana wao.

"Basi namvua cheo!" Khanderao akafoka.

"Anayevua ni mfalme peke yake. Mwandikie, bwana wangu. Mweleze vizuri ni nani uliyempa."

Khanderao akapanda farasi wake, akaondoka na askari wake bila fahali.

Sakhubai akamwinamia fahali. "Sardar," akasema, "ukipenda, kinu kinakungoja."