Lengo Lililokatwa kwa Wino Mwekundu

Krrr! Krrr! Krrr! Kabla hajafungua mlango, Malika aliusikia mkwaruzo huo, akajua kinachochinjwa ndani ni karatasi yake. Katika shule ile ya sekondari ya Kisangani, hakuna kalamu iliyokwaruza hivyo ila kalamu nyekundu ya prefe Timothée, mkuu wa masomo.

Malika alifundisha historia na dini. Kila somo lilidai fishi ya maandalizi, yaani karatasi ya mpango wa somo, na juu ya fishi liandikwe lengo: jambo ambalo mwanafunzi ataweza kulifanya kengele ikilia. Bila saini ya prefe mwalimu haingii darasani; aingiaye hupoteza kazi. Ndiyo maana walimu wengi walinakili daftari la mwaka uliopita, wakabadili tarehe, mambo yakaisha. Lengo la somo la biashara ya kale lilikuwa likinakiliwa hivyo tangu Malika mwenyewe akiwa mwanafunzi: "Mwanafunzi ataweza kutaja bidhaa tatu: pembe za ndovu, chumvi na vitambaa."

Yeye aliandika lake: "Mwanafunzi ataweza kueleza ni nani waliouzwa, ni nani waliowauza, na toba inamdai nini mjukuu."

"Madame, hii si lengo, hii ni kiberiti," prefe alisema, akimrudishia karatasi iliyojaa mistari myekundu. "Wewe mwenyewe uko mutoto wa wale wafanyabiashara. Kwa nini unawavua wazee wako nguo?"

"Papa prefe, wiki iliyopita darasani kwangu Aïcha alimwambia mwenzake Tania, 'Kaa nyuma, mtumwa wewe.' Tania akampasua kichwa kwa ubao wa benchi. Katika ripoti uliandika nini?"

"Utovu wa nidhamu."

"Basi jipu umelipaka poda."

"Bon. Tonton yako Moussa, mdogo wa baba yako, ni rais wa kamati ya wazazi, na Aïcha ni binti yake. Nakili lile la zamani, nitatia saini sasa hivi."

Malika alikuwa mwembamba kama ufito, lakini ufito wa mti mgumu. Alikunja karatasi yake, akaenda moja kwa moja darasani, akaliandika lengo lake ubaoni kwa herufi kubwa. Saini hakuwa nayo. Chaki alikuwa nayo.

Tangu ugomvi ule, watoto wa familia za mtoni, za Isangi na Yanonge, walikuwa wamehamia upande wa dirisha. Watoto wa familia za Kiislamu za mjini walibanana upande wa ukuta. Katikati palibaki uwazi ambao hata mfagiaji aliuzunguka.

"Wazee wangu waliuza watu," Malika akaanza, bila kuzungukazunguka. "Waliwakamata vijijini mwa mtoni, wakawafunga kamba shingoni. Nayasema mimi, mjukuu wao, ili asije mwingine akayasema kwa matusi."

Huko ofisini prefe alikwisha kupiga simu. Nusu saa haijatimia, mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Tonton Moussa akaingia na kanzu yake nyeupe, prefe akimfuata nyuma.

"Malika! Futa takataka hiyo!" sauti yake ilinguruma kama maji ya maporomoko. "Mambo hayo yalikwisha zamani, hakuna anayeyasema tena. Ni wewe unayewafundisha watoto chuki!"

Tania akainuka upande wa dirisha. "Papa Moussa, samahani. Neno 'mtumwa' halimo katika daftari. Sisi tumesoma pembe, chumvi na vitambaa, basi. Sasa Aïcha alifundishwa na nani?"

Macho yote yakamgeukia Aïcha, bandeji yake bado kichwani. Akamtazama baba yake, kisha akainamia benchi.

"Nyumbani, papa," akasema kwa sauti ndogo. "Ndivyo unavyomwita mama Agathe wa Isangi, yule anayetufulia. Nilipokuwa mdogo nilidhani ndilo jina lake."

Hakuna aliyecheka. Prefe alitazama viatu vyake mwenyewe kana kwamba ameviona leo.

"Umetuaibisha," Moussa akamwambia Malika, akimwonyesha mlango. "Kesho huingii shule hii."

Malika hakushika kifutio. Alimkazia macho baba yake mdogo, akasema kwa sauti iliyofika hadi uani:

"Shule hii au nyingine, tonton, nakuahidi mbele ya watoto hawa: popote nitakapopewa ubao, lengo nitakaloandika ni hilihili, mwaka ujao na ule utakaofuata, hata wino mwekundu uishe madukani. Umeficha miaka yote hii, na leo mwanao mwenyewe amekufichua. Mficha maradhi, kifo humuumbua!"