Ufa Usio na Meno

Paukwa.

Mmeitikia wachache. Wa nyuma wanangoja kwanza kuhakikishiwa usalama. Paukwa tena. Pakawa. Vema, sasa tumekuwa wengi.

Hapo zamani za kale, mwaka wa 1949, masika yalikatika mapema, na kufikia Septemba jua lilikuwa limekausha kila kijito upande huu wa mlima. Likabaki bwawa moja. Upande mmoja palikuwa na matete na mteremko mpole, ndipo wanyama waliponywea. Upande wa pili palikuwa na ukingo mrefu wa udongo, umening'inia juu ya maji.

Wanyama hao walikuwa na hofu moja, nayo ni Chui. Nyumbu, Mwenyekiti wa bwawa, hakuwahi kumwona Chui hata siku moja, na ndiyo maana alimweleza vizuri sana.

Wakatunga sheria. Kanga awe mlinzi. Akimwona Chui, alie. Wote wapande ukingoni, kwa kuwa juu huonekana mbali. Kanga mwenyewe, kwa ujasiri wake, atabaki chini anywe kwanza, peke yake, maji yakiwa hayajavurugwa. Ajabu ni kwamba, tangu sheria ipite, Chui alionekana kila asubuhi, saa ile ile ya kiu.

"Kwekwekwe! Chui! Pandeni!"

Puku, puku, puku. Wakapanda. Kanga akasogea majini, akanywa, akashiba, akatangaza kuwa hatari imepita.

Siku moja Bi Digidigi alipanda na mwanawe wa pekee. Mguu wa mtoto ukazama ardhini. Mama akauchomoa, akachungulia. Palikuwa na ufa. Ulishuka, ukashuka, ukaishia gizani. Akaenda kwa Nyumbu.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Umemwona Chui?"

"Nimeona ufa ukingoni. Majuzi uliingia ukwato wa mwanangu. Leo umeingia mguu mzima."

"Ufa huo una meno?"

"Hauna."

"Una makucha?"

"Hauna, Mwenyekiti, lakini..."

"Unanguruma?"

"Haungurumi."

"Basi mama, tuuogope kwa lipi?"

Ngiri, aliyekuwa karibu, akacheka. "Kesho atatuletea mashtaka dhidi ya tope."

"Tukimbilie kichuguu kile, mzee wangu," akasema Bi Digidigi. "Kile ni imara."

"Kichuguuni nasimama mimi, ili niwaongoze," akajibu Nyumbu. "Sikiliza. Kanga akilia, wote hupanda. Atakayebaki kwenye matete ni rafiki wa Chui, na rafiki wa Chui hanywi hapa, yeye wala mwanawe."

Bi Digidigi akaenda zake akipiga hesabu. Akipanda, ufa. Asipopanda, kiu. Na mtoto alikuwa mmoja.

Kulipokucha wakaja kunywa.

"Kwekwekwe! Chui! Pandeni!"

Puku, puku, puku. Wakapanda. Mtoto naye akaanza kukimbia. Mama akamziba njia.

"Mama, wote wanapanda."

"Nawaona."

"Watatunyima maji."

"Najua. Lala hapa."

"Na Chui je?"

"Chui akija, tutakimbia. Ukingo ukija, hakuna pa kukimbilia. Sogea huku kwangu."

Kutoka juu Ngiri akaita, "Bi Digidigi, msalimie shemeji Chui."

Wakacheka. Walicheka pamoja, wakatikisika pamoja, wakakanyagana kwa kucheka. Kwaa, ufa ukafunguka. Puuu, ukingo ukaondoka nao. Chubwi, chubwi, chubwi. Kisha kimya.

Kanga alikuwa ameshapaa mtini, mdomo ukimchuruzika maji. Akatazama chini. "Niliwaonya kwamba pana hatari," akasema.

Nyumbu akateremka kichuguuni, akawakusanya wachache walionusurika, akaitisha uchunguzi. Ulimalizika kabla jua halijawa kali. "Ukingoni walifuata nini? Walimkimbia Chui. Basi aliyewaua ni Chui." Kanga akaongezewa msaidizi. Bi Digidigi, kwa kosa la kujua mapema, akafukuzwa bwawani. Hakupoteza mengi, kwani bwawa lenyewe lilikuwa limejaa udongo.

Akamchukua mwanawe, wakaukwea mlima. Njia ilipita mbele ya pango la Chui. Mtoto akajificha nyuma ya mama. Wakatazama. Mlangoni palitanda utando wa buibui, mzima, mzito kwa vumbi.

"Mama, amehama?"

"Zamani, mwanangu."

"Turudi tukawaambie?"

Mama akaendelea kupanda. "Watauliza kama buibui ana meno."

Ng'ambo ya mlima, ambako hofu haikumruhusu yeyote kufika, palikuwa na chemchemi. Mtoto akanywa. Mama akanywa baada yake.

Funzo lake nalisema wazi. Tunakiogopa kinachopigiwa kelele, tukasimama juu ya kile kinachotuua. Na mpiga kelele, kabla hamjakimbia, mwulizeni yeye hunywa saa ngapi.

Hadithi nimeitua hapa, na gharama yake ni hii. Walioliwa na Chui, hakuna. Waliozikwa na ukingo, arobaini na sita.